Shangazi, Nimeziona Picha za Ubongo

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Kibabi, nyuma ya kituo cha afya, mahali ambapo ukuta unatupa kivuli baada ya saa sita mchana. Wagonjwa wa asubuhi wameisha na mvua haijaamua bado kama itakuja. Najua barua hii haina dereva wa kuipeleka. Lakini nina habari ambayo ni yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine, na kila ninapotaka kumsimulia mtu naiona sura yako, umeshika kiuno, unasema kama ulivyozoea: "Endelea, nasikiliza."

Habari yenyewe inahusu ubongo. Usicheke kwanza.

Wewe ulinijua kabla sijaugua. Nilikuwa mtoto wa maneno mengi. Asubuhi nilishuka mlima na bidoni ya maziwa kichwani, nikiongea na wenzangu njia nzima, na jioni nilipanda nikiongea na ng'ombe. Papa alisema siku nitakayonyamaza ndipo atajua dunia inakwisha. Tangu Mama afariki, nikiwa bado mdogo, mimi ndiye niliyejaza nyumba ile kelele, na nadhani Papa aliipenda kelele hiyo kuliko alivyokubali kusema.

Halafu nikafika miaka kumi na mitano, nikanyamaza.

Watu wanadhani nililia. Sikulia. Ilikuwa kama kuvaa koti lililolowa maji, zito, na hakuna anayeliona ila wewe uliyelivaa. Ugali ulikuwa kama karatasi mdomoni. Darasani nilisoma mstari, nikaurudia, nikaurudia tena, maneno yakakataa kuingia. Usingizi ulinikimbia, kisha mchana nilitaka tu kulala na kugeukia ukuta. Na kichwani mlikuwa na sauti, yangu mwenyewe, ikiniambia kwamba mimi ni mzigo na nyumba ingepumua vizuri bila mimi. Sikumwambia mtu. Niliamini kila mtu ameshalijua hilo, wananistahi tu.

Siku Papa alipoogopa ni siku Gaju alipozaa. Unamkumbuka Gaju, yule ng'ombe mwekundu niliyemlea tangu akiwa ndama. Papa aliniita mara kadhaa nikamwone mtoto wake. Sikutoka kitandani. Papa akaja mlangoni, akanitazama, akaondoka. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi, lakini hakosi kuzaliwa kwa ndama.

Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni uvivu wa watoto wa siku hizi. Wengine wakasema nimepewa sumu. Akina mama wa chumba cha maombi walisema ni pepo wa huzuni aliyebaki nyumbani tangu msiba wa Mama, na kwamba atatoka kwa kufunga. Hawakuwa watu wabaya, Shangazi, na wewe hukuwahi kuwaita wabaya. Walinipenda kwa njia waliyoijua. Papa naye aliwakubalia kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa njia nyingine. Lakini alipopanda kule juu mlimani penye mtandao wa simu akakupigia simu kukuarifu, ulimwambia asubiri. Hakusubiri, akanipeleka kwao nifungishwe.

Sijui ulipitaje kutoka kwako Mubi. Hukuwahi kunisimulia safari ile sawasawa. Kila mara uliongeza daraja moja na kupunguza dereva mmoja. Najua ulipanda lori, ukapanda pikipiki, na pikipiki iliposhindwa matope ukatembea. Ulipoingia katika chumba cha maombi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Nilikuona miguu kwanza. Matope mpaka magotini, na kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba.

Nilitegemea utapiga kelele. Badala yake ulipiga magoti kati yao ukaomba nao. Ulisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Walipomaliza ulisimama, ukawashukuru mmoja mmoja, kisha ukaniinamia, ukanibeba mgongoni kama mtoto anayenyonya, mimi msichana mkubwa hivyo, ukatoka nami nje.

Papa alikuwa amesimama mlangoni. Maneno mliyosemezana bado ninayo yote.

"Kaka, mutoto iko mugonjwa," ulimwambia. "Hakufanya zambi, na haiko pepo. Iko mugonjwa."

"Ugonjwa gani yenye haina homa?"

"Sijue. Njo maana tunaenda kuuliza wenye wanajua."

Papa alikuambia kwamba ukinitoa pale mbele ya watu, umemvua nguo mbele ya kijiji kizima, na kwamba asingependa tena kusikia habari zako. Niliusikia moyo wako ukipiga kupitia mgongoni. Kisha ukamwomba apishe, akapisha.

Kule Goma tulimkuta daktari mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakunishika tumbo wala kunitazama ulimi kwanza. Aliuliza tu maswali, polepole, na mimi nilijibu kwa kichwa. Aliniuliza kama nimewahi kutamani nisiwepo. Nikaitikia. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujiua. Nikaitikia tena, na wewe ukageuza uso ukatazama dirishani, na hukuurudisha kwa muda mrefu.

Alikueleza kwamba ni ugonjwa, una jina, unawapata vijana wengi kuliko tunavyofikiri, na mahali pake ni ubongoni. Wewe, kama kawaida yako, ulitaka kuona. Ulimwuliza kama wanaweza kunipiga picha ya kichwa ili ukamwonyeshe kaka yako. Daktari alisema mashine hiyo hawana, na hata wangekuwa nayo, picha ya mtoto mmoja isingemwambia kitu. Ugonjwa huu ameujua kwa kuniuliza na kunisikiliza. Alitupa dawa, akatueleza kwamba zinaanza kufanya kazi taratibu na tusizikatishe, akapanga siku za kurudi kuongea naye. Mwisho akakushika mkono, akasema kwa sasa nisiachwe peke yangu.

Uliichukua kauli ile kama amri ya Mungu. Tulibaki Goma kwa ndugu wa marehemu mume wako, tukimwona daktari, hadi aliporidhika kwamba naweza kusafiri. Ndipo ukanipeleka kwako Mubi, na daktari akaendelea kuniuliza hali kwa simu yako.

Mubi! Mimi mtoto wa milimani, wa baridi na ukungu, nikajikuta kwenye joto la msitu, malori yanapita mbele ya mlango, pikipiki hazinyamazi, watu wa machimbo wanapanda na kushuka, matope mekundu kila mahali. Uliniweka dukani kwako, kwenye kiti nyuma ya vikwembe, vile vitenge ulivyouza. Hukunitaka niuze. Ulinipa kikwembe kimoja tu nikikunje. Nikimaliza, hukunisifia, uliweka kingine. Siku nilizoshindwa kukunja, ulikunja wewe, mdomo ukiendelea. Uliniongelesha tangu asubuhi mpaka jioni bila kudai jibu hata moja. Ulinieleza nani ameoa, nani amekimbia, kwa nini maziwa ya kopo ni tusi kwa mtu aliyezaliwa kwetu Masisi. Nikienda chooni ulisimama nje ya mlango ukiimba nyimbo za kanisani, na maneno yote uliyakosea. Nilijua unayakosea. Nadhani huo ndio wakati wa kwanza nilitamani kufungua mdomo, angalau nikusahihishe.

Lakini haikuwa njia iliyonyooka. Nilipata nafuu, kisha nikaporomoka. Ilikuwa alasiri, duka limejaa jua, na mbele yako mteja alikuwa anachagua kitambaa. Nikasema kutoka pale nilipokuwa nimekaa, wala sikupandisha sauti: "Shangazi, nimechoka kuwa hai."

Uliweka mkasi chini. Ulimwambia yule mama arudi kesho, ukafunga mlango mchana kweupe, biashara ikiwa imechangamka, ukaja ukakaa sakafuni miguuni pangu. Ulisema nikuambie yote, hutalia wala hutanikemea. Nikakuambia yote. Ulilia. Hukunikemea. Hukuniambia kwamba ni dhambi, hukuniambia watoto wengine wanateseka zaidi, hukuniuliza nimekosa nini. Ulipopangusa uso ulisema neno ambalo mpaka leo nawaambia wagonjwa wangu, ingawa siwaambii limetoka wapi:

"Leo hauna lazima ya kupenda maisha, mama. Leo ukae tu hapa na miye."

Nikakaa. Jioni ile ile ulinipeleka kwa muuguzi, mkampigia daktari wa Goma, dawa zikabadilishwa. Na wewe ukahamisha kitanda chako, ukakileta mahali ambapo mguu wako uligusa wangu.

Unakumbuka nilivyocheka mara ya kwanza? Dereva wa lori, mtu mnene mwenye ndevu, alikuja kumnunulia mke wake kikwembe, akashindwa kuchagua. Ukamwambia hawezi kujua kitampendezaje mkewe kabla hajakiona kikitembea. Ukamfunga kiunoni, ukamfunga na kichwani, ukamtuma atembee mpaka barabarani na kurudi. Akatembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga matope. Sauti ikanitoka kabla sijaijua. Ulishtuka hata ukamkatia yule bwana kitambaa bila kukipima, akaondoka na kingi kuliko alichonunua, na wewe hukujali. Ulikuwa unanitazama mimi, mkono umeziba mdomo.

Nilimalizia shule kwako, nikaenda kusomea uuguzi, na walipotafuta mtu wa kufanya kazi Kibabi nikasema nitarudi. Papa alinipokea. Alichinja mbuzi, akaalika majirani, akawaambia binti yake ni muganga. Lakini jina lako hakulitaja. Nilipokupigia simu alikuwa anatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wametulia kabisa. Salamu zake zilipitia kwangu: "Sema kwa shangazi yako, tuko wazima." Na wewe ulijibu vivyo hivyo. Nilijaribu kuwaunganisha mara nyingi. Ulisema nimwache, kaka yako ni jiwe, na jiwe halisukumwi, linangojewa.

Hukupata muda wa kungoja. Presha ilikuchukua katika msimu wa mvua uliopita, wakati barabara ilikuwa imefungwa kwa vita na hata pikipiki hazikuthubutu kupita Nyabiondo, njia ya kuja kwako. Wanawake wa soko la Mubi walikuosha, wakakuvika, wakakuzika. Nilisikiliza mazishi yako kwa simu, sauti ikikatika katikati ya wimbo. Papa alipoambiwa, alichukua fimbo yake akaenda malishoni, akarudi jioni, akakaa. Hakula.

Sasa ndiyo nafika kwenye habari yangu.

Miezi michache iliyopita walituita Bweremana, kando ya ziwa, wauguzi wa vituo mbalimbali, tufundishwe namna ya kuwatambua vijana wenye ugonjwa huu wa huzuni ambao vitabu vinauita sonona. Daktari aliyetufundisha alikuwa bado kijana, mpole, anayeomba radhi kila jenereta inapozimika. Alitundika shuka jeupe ukutani, akatuonyesha picha za ubongo. Ubongo wa vijana wa umri niliokuwa nao mimi. Wengine wazima, wengine wagonjwa.

Kwa macho yangu zote zilifanana, Shangazi. Kama karanga zilizomenywa. Lakini alitueleza kwamba watafiti wakikusanya picha za vijana wengi wagonjwa, wakazilinganisha na za vijana wengi wazima, wanaona tofauti ndogo. Tabaka la juu la ubongo, lile lililojikunja, katika baadhi ya sehemu halina unene au upana uleule. Na ndani kabisa kuna sehemu inayosaidia kumbukumbu na hisia, ambayo kwa baadhi yao huonekana ndogo kidogo. Alirudia hilo neno, kidogo. Alisema tusiende kumwambia mtu kwamba tutamtambua mgonjwa kwa kumtazama picha yake moja. Haiwezekani, tofauti inaonekana kwa wengi wakilinganishwa na wengi. Na wataalamu bado hawajakubaliana kama tofauti hiyo ilikuwepo kabla ya ugonjwa ikaufungulia mlango, au ugonjwa wenyewe ndio umeiacha.

Muuguzi mmoja mzee, mwanamume, aliuliza kama basi ubongo wa watoto hao umeharibika. Daktari alisema hapana. Alisema ubongo wa kijana ni nyumba ambayo mafundi bado wamo ndani. Haumalizi kujengwa hadi mtu afike miaka ishirini na kitu. Unaweza kuumia, na unaweza kusaidiwa. Dawa, mazungumzo, usingizi, watu wa karibu, hayo yote yana kazi.

Niliweka kalamu chini. Niliona matope magotini mwako. Ulisema "iko mugonjwa" bila mtu yeyote kukuonyesha shuka wala picha, ukalisema mbele ya mtu uliyempenda kuliko wote, na ukalipa. Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Ziwa lilikuwa limetulia, akina mama walikuwa wanaanika sambaza, dagaa wa ziwani, mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini siyo leo.

Baada ya mafunzo nilimngoja yule daktari pembeni. Nilimwambia mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nilitaka kujua kama ubongo wangu bado uko hivyo, kama kuna kitu ndani kinachongoja kuniporomosha tena. Hakunidanganya. Alisema hajui, na hakuna anayeweza kujua kwa kunitazama. Ugonjwa huu unaweza kurudi, kwa hiyo nijiangalie na nisione haya kuomba msaada mapema. Kisha akaniuliza ni nani aliyenitunza wakati ule. Nikaanza kumsimulia, na alipopigiwa simu waondoke, alimwambia dereva asubiri kidogo.

Siku chache baada ya kurudi, aliletwa msichana anaitwa Sifa, binti wa wakulima wa upande ule wa maharage. Miaka kumi na minne. Mama yake alisema mtoto amekuwa mvivu, ameacha kupalilia, ameacha shule, anamjibu baba yake kwa kumgeuzia mgongo. Alitaka nimpe vitamini. Nilimtazama Sifa akiwa ameinamisha kichwa, nikalijua lile koti.

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Nikauliza maswali, polepole, kama nilivyoulizwa. Nilipofika kwenye swali lile zito, nilitamani kuliruka. Nikaliuliza hata hivyo. Aliitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama ninaweza kumwambia mama yake. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema, "Atanichapa?"

Hakumchapa. Nilimweleza yule mama kuhusu ubongo, kuhusu lile tabaka la juu, kuhusu nyumba isiyomalizika kujengwa. Alinisikiliza huku anakunjakunja ncha ya kikwembe chake. Mwishowe aliuliza, "Ni kama shamba la mulimani, yenye mvua imebeba udongo ya juu?" Nilimwambia si sawasawa, lakini karibu. Akasema shamba kama lile halipigwi jembe kwa hasira. Akamvuta Sifa, akakiweka kichwa chake mapajani, hapohapo kwenye benchi mbele ya wagonjwa wote.

Nilimpigia daktari wa Bweremana, tukapanga matibabu yake pamoja. Kuna miezi dawa zinachelewa na nahangaika kwenye simu kama mwehu. Lakini Sifa anakuja. Juzi aligombana na mama yake kwa sababu ya mtindo wa nywele, wakaniletea mimi kesi yao, na nilifurahi sana kumsikia akigomba.

Sasa kumbe siku ile ya kwanza Papa alikuwa nje. Alikuwa ametuletea maziwa, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha, akasikia yote. Jioni, tukiwa tunakamua, aliuliza akiwa upande wa pili wa ng'ombe, mahali nisipoweza kumwona uso.

"Hiyo picha, uliiona na macho yako?"

Nikamwambia niliiona. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe hapa. Akakamua kwa muda. Kisha akauliza kama basi haikuwa pepo. Nikamwambia hapana. Akauliza kama haikuwa sumu ya mtu. Nikamwambia haikuwa. Maziwa yaliacha kulia ndani ya ndoo.

"Na haikuwa sababu yangu?" aliuliza. "Sababu sikujua kulea mutoto bila mama?"

Shangazi, miaka yote ile nilidhani Papa alikasirika kwa sababu ya aibu ya kijiji. Kumbe alipokuona unatoka nami mgongoni, alielewa kwamba unamnyang'anya mtoto aliyemharibu mwenyewe. Hakukukasirikia wewe. Alishindwa tu kukutazama. Nilizunguka ng'ombe nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mikono inaning'inia, kofia imefunika macho. Nikamwambia haikuwa sababu yake. Nikamwambia huzuni ya kumkosa Mama huenda ilichangia, maisha yetu ya kukimbia vita huenda yalichangia, ubongo wangu wenyewe huenda ulikuwa na udhaifu wake, na hakuna daktari anayeweza kuvitenganisha. Lakini yeye alinipenda, na hilo nililijua hata nikiwa nimegeukia ukuta. Aliitikia kwa kichwa polepole. Akaomba nimwache amalize kukamua.

Barabara ilipofunguka, alisema twende Mubi.

Papa, ambaye hajawahi kulala mahali pasipo na ng'ombe! Alivaa koti lake la kanisani na viatu vya mvua. Alishika bega la dereva wa pikipiki kama mtu anayevuka mto. Tuliposhuka kuingia msituni alilalamikia joto, miti, na maziwa ya kopo waliyomtilia kwenye chai. Ulikuwa na haki juu ya maziwa yale, alisema, na ndipo nilipogundua kwamba amekutaja.

Mama mmoja wa sokoni, jirani yako wa duka la pili, ndiye aliyetupeleka kwenye kaburi lako nyuma ya kanisa. Wamelitunza vizuri. Wamepanda maua yale mekundu usiyoyapenda, lakini samehe. Njiani alimtazama Papa sana, akamwuliza kama yeye ndiye kaka wa Masisi, mwenye ng'ombe. Alisema soko zima linamjua. Hakuna mteja aliyenunua kwako bila kusikia habari za kaka yako. Papa alisimama katikati ya njia. Tukamngoja.

Kaburini alivua kofia. Kisha akasema, "Dada, nimekuja. Mutoto alikuwa mugonjwa. Weye ulijua." Akageuka, akaniomba nimwache naye kidogo.

Niliketi kwenye ngazi za kanisa pamoja na yule mama. Malori yalipita, wanafunzi wakatoka shule, jua likahama kutoka upande mmoja wa paa kwenda mwingine. Mara kwa mara tulimsikia sauti, si maneno. Wakati fulani nilimsikia akicheka. Alipotoka, magoti yake yalikuwa na udongo na macho yake mekundu, lakini alitembea kama mtu aliyetua mzigo. Nilimwuliza kwa nini amechelewa hivyo.

"Nilikuwa namupatia habari ya nyumbani," alisema. "Ya miaka yote. Nani alizaa, nani alikufa, ng'ombe gani ilipotea. Ilikuwa mingi."

Mimi siku ile sikusema neno. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, na nisingependa kumkatiza. Kwa hiyo za ng'ombe umezipata kwake, na za ubongo nimekuletea mimi. Mvua imeanza sasa, matone makubwa, karatasi inalowa. Nakuacha, Shangazi. Pumzika. Hapa tumekaa.

Binti wa kaka yako,
Neema